Bukavu, Mji Usio na Tambarare

Ukitaka kujua ni nani aliyetangulia kushika ardhi ya Bukavu, usihangaike na hati. Tafuta palipo sawa. Mji umekaa juu ya miteremko na rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila kipande kisichoinama kina mwenyewe tangu enzi za Wabelgiji: kambi ya jeshi, parokia, ofisi ya serikali, shule ya mapadri. Waliobaki wamejishikiza kwenye mteremko. Mtaani Kadutu, mlango wa nyumba moja unatazama bati la nyumba ya chini yake, na mvua kubwa ikija usiku watu hulala macho wakisikiliza udongo. Kiwanja kamili cha mpira kinadai mita 105 kwa 68 zisizo na kilima wala korongo. Kwa hesabu hiyo, mpira wa Bukavu haukuwa na pengi pa kuota isipokuwa kwenye viwanja vya shule na vyuo.

Ndiyo maana sikuanzia Uwanja wa Concorde kule Kadutu, wanakokutana timu za Muungano na Bukavu Dawa na mji mzima ukagawanyika pande mbili. Nilitaka kuona mpira unakotoka. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, vumbi limetanda. Motari wa pikipiki aliyenichukua Nyawera alijua ninakokwenda kabla sijamaliza kueleza. "Kwa bale ba interfakulte," alisema, akapiga gia. Tukapanda barabara ambayo lami yake imebaki vipande, tukiwapita akina mama wenye mizigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, miili imeinama mbele kama ilivyoinama kwa vizazi. Chuo chenyewe sitakitaja. Mambo ya mji huu bado ni mabichi, na walionipokea walinipokea kwa wema.

Kiwanja ni udongo mwekundu ulioshikana kwa jua. Nyasi zimebaki kwenye kona nne tu, ambako hapakanyagwi sana. Milingoti ni ya chuma, haina nyavu; mistari imechorwa kwa majivu. Upande mmoja ardhi inapanda ghafla, na huko ndiko jukwaa: wanafunzi wa fani zote, wauza karanga, watoto wa mtaani, mama mmoja na beseni la mandazi na birika la chai. Upande wa pili ni bonde. Mpira ukitoka huko unashuka mpaka kwenye nyumba za watu, na kuna vijana watatu ambao kazi yao ni kuufuata. Malipo yao ni mandazi mawili mawili, na wanaifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko walinzi wengi niliowahi kuwaona.

Kitivo cha Uchumi kilicheza na cha Kilimo. Jezi za Kilimo zilikuwa za kijani, za kuazima kutoka parokia, na nyuma ya wachezaji wawili palikuwa na namba 7. Lakini mpira wenyewe! Kijana wa mguu wa kushoto, mwaka wa pili wa kilimo, aliupokea katikati ya uwanja huku amewapa mgongo mabeki wawili, akauacha upite kati ya miguu yake mwenyewe, akageuka nao, na kabla vumbi halijatua alishaupeleka winga ya kulia mita arobaini, ukatua mguuni mwa mwenzake. Jukwaa zima lilisimama. Mama wa mandazi alisimama pia. Mpira wa namna hiyo haufundishwi kwa wiki mbili. Una miaka ndani yake, miaka ya kucheza kwenye ardhi inayoinama, ambako lazima ujue mpira utadundia wapi kabla haujadunda.

Dakika ya 30 mwamuzi, mwanafunzi wa sheria, akapuliza mapumziko.

Kocha wa Kilimo ni mhadhiri wa ngazi ya chini ambaye wanafunzi humwita CT, kwa cheo chake cha Kifaransa. Nilimuuliza kwa nini kipindi kimekuwa cha dakika 30. "Saa tisa bako na somo," alijibu. Jumamosi alasiri? Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. "Mukubwa, na LMD hakuna tena Jumamosi."

LMD ni Lisansi, Masta na Dokta. Mfumo huo ulitajwa katika sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014, ukajaribiwa hapa na pale, mpaka mwaka wa masomo 2021-2022 ambapo waziri wa elimu ya juu, Muhindo Nzangi, aliagiza utumike nchi nzima. Kabla ya hapo mwanafunzi wa Kongo alisoma miaka 3 ya gradua kisha 2 ya lisansi. Mwaka ulikuwa mmoja mrefu, na uzito wote uliangukia mitihani ya mwisho. Sasa mwaka umekatwa semesta mbili, krediti 30 kila semesta, 180 kwa lisansi ya miaka 3, na 120 nyingine kwa masta. Kila somo lina majaribio yake, kazi za kikundi zake, ripoti zake. Profesa mgeni akifika, somo lake linabanwa ndani ya siku chache, asubuhi mpaka jioni, kwa sababu ana safari nyingine. Ratiba imeshindiliwa kama gunia la makaa.

Sina ugomvi na mageuzi yenyewe. Shahada ya Bukavu inapaswa kusomeka Nairobi, Dakar na Brussels bila mwenye nayo kujieleza, na mfumo wa zamani ulikuwa tayari kumrudisha kijana mwaka mzima kwa ajili ya masomo machache. Ninacholilia ni kwamba walioupanga walihesabu kila saa ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, wakasahau saa ya kucheza. Mpira wa vyuo uliishi ndani ya ulegevu wa ratiba ya zamani: alasiri ya Jumatano, Jumamosi, na zile wiki za kusubiri matokeo. Hakuna aliyeandika mahali kwamba hizo ni saa za mpira. Kwa hiyo zilipochukuliwa, hakuna aliyeona kuwa kuna kitu kimechukuliwa.

"Haiko shida ya mupira," CT aliniambia. "Iko shida ya saa. Batu ba Kinshasa njo banapanga masaa. Siye tunatafuta tu fasi ya kucheza."

Alinieleza jambo jingine ambalo nisingeliona mwenyewe. Zamani mchezaji mzuri aliyemaliza gradua mara nyingi alibaki chuoni miaka 2 zaidi kwa ajili ya lisansi, na huyo ndiye aliyekuwa nahodha, ndiye aliyewafundisha wageni wa mwaka wa kwanza jinsi ya kukaa uwanjani. Sasa lisansi inakwisha mwaka wa 3. Masta ina ada kubwa na wengi wanasema watairudia baadaye. Timu inapoteza wakubwa wake kabla hawajawa wakubwa. Nilipotazama tena uwanjani niliiona hoja yake kwa macho: vipaji vingi, kelele nyingi, na hakuna mmoja wa kuinua mkono na kusema tulieni.

Kongo ni nchi ambayo mpira wake ulitoka shuleni. TP Mazembe ilianza mwaka 1939 Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, mikononi mwa watawa Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface. Kinshasa, padri Raphaël de la Kethulle alijenga shule, akaanzisha timu na mashindano, na uwanja ambao Muhammad Ali na George Foreman walipigania mwaka 1974 leo unaitwa Tata Raphaël kwa heshima yake. Bukavu nayo ina Alfajiri, shule ambayo Wajesuiti waliifungua mwaka 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire, kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Wakoloni walitaka mpira uwatulize vijana. Vijana wakauchukua wakaufanya wao, na hilo ni moja ya mambo mazuri yaliyowahi kutokea katika nchi hii.

Na ardhi hiyo sawa ya shule imebeba mengi zaidi ya mpira. Julai 1994, Wanyarwanda walipovuka mto Ruzizi kwa mamia ya maelfu, Alfajiri ilikuwa kambi ya wakimbizi. Mzee mmoja aliyekuwa mwanafunzi mjini wakati huo aliniambia kwamba waliporudi darasani hawakuweza kucheza kwa muda mrefu. Nyasi zilikuwa zimekwisha na chini palikuwa na mashimo ya mafiga. Wao wenyewe waliyafukia, darasa kwa darasa.

Vita vya sasa vimekuja kwa njia nyingine. Tarehe 14 Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye walikuwa katikati ya mji. Benki zilifunga milango, ndege zikaacha kutua. Mwanafunzi ambaye ada yake ilitumwa na shangazi aliye Kinshasa alianza kuitafuta kwa njia za mkato, kwa simu na kwa mkono wa mtu, kila mkono ukikata chake. CT alinionyesha daftari la timu. Ni daftari la shule la kawaida, jalada limechakaa, na ndani majina yamepangwa kwa nafasi: makipa, mabeki, viungo, washambuliaji. Majina mengi yamepigwa mstari. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu mahali kila mmoja alipo. Bujumbura. Nakivale. Kinshasa. Kwenye majina mawili hajaandika kitu, na nilipoyafikia alifunga daftari.

Mechi kati ya vyuo nazo zimepungua. Bukavu ina Chuo Kikuu cha Serikali, cha Kikatoliki, cha Kiinjili kule Panzi, ina ISP ya walimu na ISTM ya uuguzi na maabara. Ukiviweka pamoja ni ligi kamili ndani ya mji mmoja. Waliokuwepo zamani wanasimulia safari za meli kwenda Goma kucheza na wenzao, usiku mzima juu ya ziwa wakiimba, na safari za basi kwenda Uvira kupitia bonde la Ruzizi. Leo timu inapohesabu nauli huhesabu pia vizuizi vya barabarani, na mzazi anayesikia mtoto wake anasafiri kwa ajili ya mpira anauliza kama chuo kimepata wazimu. Simlaumu mzazi huyo hata kidogo.

Baada ya mechi, iliyokwisha 1-1, baadhi yao walibaki kwenye mteremko kwa muda kabla ya kukimbilia somo. Mazungumzo yakaenda Marekani. Mmoja ana kaka aliyepelekwa huko na mpango wa wakimbizi, na kaka huyo amemwambia kuwa vyuo vya Marekani sasa vinawalipa wachezaji. Ni kweli. Tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano katika kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko: karibu dola bilioni 2.8 za fidia kwa wanariadha wa miaka iliyopita, na kuanzia Julai 1 chuo kuruhusiwa kugawia wanariadha wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa inakwenda kwa mpira wao wa kofia ngumu, unaojaza viwanja na televisheni. Michezo midogo ina wasiwasi; timu ya soka ya wanaume katika vyuo vilivyoingia mpango huo imewekewa kikomo cha wachezaji 28, na makocha wengi hawajui kama bajeti yao itaendelea kuwepo.

Vijana walicheka kusikia dola milioni 20.5, kicheko cha kushangaa. Kisha yule wa mguu wa kushoto akauliza swali ambalo lilinyamazisha wenzake. "Na siye? Kama mimi naenda Ulaya kesho, chuo inapata nini?"

Nikachukua karatasi, nikawaandikia. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Chukua bei ya dola 1,000,000. Fungu la malezi ni 50,000. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya 2,500, na kila msimu kuanzia 16 hadi 23 una thamani ya 5,000. Kijana aliyelelewa Bukavu tangu miaka 12 mpaka 18 angeiletea Bukavu dola 25,000. Nyavu, jezi, mipira, mishahara ya makocha wa watoto kwa miaka. Lakini fedha hizo huenda kwa klabu iliyosajiliwa kwenye shirikisho. Shule haimo. Chuo hakimo. Kiwanja ambacho mtoto amejifunzia kila kitu hakina jina kwenye karatasi yake ya mchezaji.

Hata fungu hilo halina uhakika wa kudumu jinsi lilivyo. Tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua, katika kesi ya mchezaji Lassana Diarra, kwamba baadhi ya kanuni za uhamisho za FIFA zinapingana na sheria za Ulaya, na tangu hapo kanuni hizo zinajadiliwa upya. Mabadiliko makubwa yanakuja kutoka kila upande, kutoka California, kutoka Luxembourg, kutoka Kinshasa, na katika vyumba vyote hivyo hakuna kiti cha anayecheza kwenye udongo mwekundu wa Bukavu. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, imejaribu kitu: Februari 2022 ilizindua Kinshasa mashindano ya shule za Afrika, na fainali zake zimefika Durban na Zanzibar, zikiwa na zawadi kubwa kwa shule bingwa. Nayasifu kwa moyo wote. Ni ya watoto wa shule, hata hivyo, na mtoto huyo akifika miaka 19 akaingia chuo kikuu, anakuta mlango umefungwa.

Novemba 2025 Chui, timu ya taifa ya Kongo, walipoitoa Nigeria kwa penalti kule Rabat, Chancel Mbemba akifunga ya mwisho, wanafunzi hawa waliitazama pamoja kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye tofali. Walinitajia kikosi kizima, na mahali kila mchezaji alipolelewa: Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi, Kinshasa, Lubumbashi. Nilingoja wataje Bukavu.

Siku iliyofuata nilirudi alfajiri kuwaona wasichana. Wao hupewa uwanja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote kuuhitaji, na hucheza nusu ya uwanja tu kwa sababu hawajatimia ishirini na wawili. Nahodha wao anasoma uuguzi na alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini. Alicheza beki wa kati, akiwaelekeza wenzake kwa sauti ya chini, na yeye peke yake, katika wote niliowaona kwenye kiwanja hicho, ndiye aliyekuwa na ile tabia ya ukubwa ambayo CT anailalamikia kuwa imepotea. Nilimwambia. "Mama yangu aliniambia nisicheze," alijibu, "sasa anakuja kutazama." Kisha akafunga viatu tena akaendelea. Nadhani mpira wa vyuo wa mji huu ukisalimika, utasalimika kwa sababu ya hawa wanaocheza saa ambayo hakuna anayeidai.

Kuna mambo mawili yanayoweza kufanywa bila kungoja Kinshasa wala FIFA, na si mimi niliyeyabuni. Yote mawili niliyasikia kwenye mteremko ule. La kwanza ni kuisajili timu ya chuo kama klabu kwenye chama cha mpira cha mji, iwe na jina kwenye karatasi ya kila mchezaji. Kunahitajika ada, katiba ya kurasa chache, na sahihi ya mkuu wa chuo. La pili ni gumu zaidi: kuomba krediti mbili za michezo kwa semesta, zilizoandikwa kwenye ratiba kama somo lingine lolote, ili profesa mgeni akute saa hizo zimeshachukuliwa. CT anaamini la pili kuliko la kwanza. Wanafunzi wanaamini la kwanza, kwa sababu wamekwisha kuiona ile hesabu ya 25,000.

Walibishana juu ya hayo jioni ile ya Jumapili kwa zaidi ya saa moja, wamekaa kwenye majani, nahodha wa wasichana akiwa katibu. Mwanafunzi wa sheria, yule mwamuzi, alikabidhiwa kuandika katiba. Uchumi walitaka klabu iitwe kwa jina la chuo. Kilimo walitaka jina la mtaa, kwa hoja kwamba vijana wanaofuata mpira bondeni nao ni wa klabu, na hoja hiyo ikashinda. Ada itachangwa kidogo kidogo mpaka mwisho wa semesta. Halafu wakaingia kwenye jambo lililowaumiza kichwa zaidi ya yote, tarehe ya fainali. Jumamosi ijayo ina somo mchana kutwa. Wakapiga kura kwa mikono: fainali ni Jumapili saa moja asubuhi, mara baada ya misa ya kwanza, na wachezaji wanne wa Uchumi wenye mtihani wa takwimu Jumatatu watacheza kipindi cha kwanza tu.